Kuyainua Maji ya Kilindini

Januari 1751 nahodha mmoja wa Kiingereza, Henry Ellis, alimwandikia barua kasisi na mwanasayansi Stephen Hales kumpa habari za ndoo. Hales ndiye aliyeibuni. Ilikuwa na vilango viwili, kimoja juu na kimoja chini, vilivyofunguka ndoo ikizama na kujifunga ikivutwa, na ndani yake mlikuwa na kipimajoto. Ellis aliishusha kwa kamba katika Atlantiki, mbali na pwani ya Sahara, kila mara akizidisha kina, mpaka akafika mita 1,600 na ushei. Juu, hewa ilikuwa na joto la digrii 29 hivi. Maji yaliyotoka chini yalikuwa na digrii 12, na hayo tayari yalikuwa yameota joto njiani. Huko yalikochotwa yalikuwa baridi zaidi. Nahodha alifurahi. Jambo alilodhani ni la udadisi tu lilimfaa, kwani alipata maji ya baridi ya kuogea na ya kupozea mvinyo.

Meli hiyo, Earl of Halifax, ilikuwa ya biashara ya watumwa. Habari hii husimuliwa kwa bashasha, ndoo na kuoga na mvinyo, na biashara ya meli ikatajwa kwa neno moja kana kwamba ni rangi ya matanga. Siwezi kuipita hivyo. Vipimo vya mwanzo kabisa tunavyovijua vya joto la vilindi chini ya bahari za joto vilichukuliwa na mtu aliyeishi kwa kununua watu, na Atlantiki ileile aliyoipima ndiyo iliyowameza maelfu waliotupwa au kujitupa humo wakivushwa. Elimu ya vilindi ina asili hiyo, na sioni sababu ya kuitakasa.

Ila swali lililokuja juu pamoja na ile ndoo lilikuwa kubwa kuliko aliyeivuta. Jua la tropiki limekuwa likiichoma bahari kwa mamilioni ya miaka. Joto, hata likipenya kwa mwendo wa kobe, lingekuwa limeshafika chini zamani. Mbona kilindi bado ni baridi? Mwishoni mwa karne ya 18 Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, alijibu kwamba baridi hiyo si ya hapo, imeletwa. Maji hupoa karibu na ncha za dunia, yakawa mazito, yakazama, yakatambaa chini kuelekea ikweta; na kwa kuwa hayawezi kurundikana huko milele, ya juu nayo hurudi kuelekea kwenye ncha. Kwa maneno hayo machache mzunguko mzima ulikuwa umeshachorwa.

Mchoro huo tunao mpaka leo. Mwaka 1987 Wallace Broecker, mwanajiokemia wa Marekani, aliulinganisha na mkanda wa kubebea mizigo kiwandani, na tangu hapo umechapwa kwenye vitabu vya shule dunia nzima: utepe mwekundu wa maji ya moto juu, utepe wa buluu wa maji ya baridi chini, na mishale ikizunguka bahari zote. Uzuri wake ndio unaonitia wasiwasi. Mkanda wa kiwandani una mota. Utepe mwekundu unageuka buluu kule karibu na Greenland, sawa, hilo linaelezeka. Lakini wa buluu unarudije kuwa mwekundu? Mchoraji anapinda mkono wake tu, na maji yamekwisha panda.

Kushuka hakuna kitendawili. Majira ya baridi, katika bahari za pande zote mbili za Greenland, pepo kavu huyapokonya maji ya juu joto lake mpaka yanakuwa mazito kuliko yaliyo chini yake, yakadidimia. Kusini, kando ya Antaktika, hasa katika Bahari ya Weddell na ya Ross, chumvi inafanya sehemu kubwa ya kazi: maji yakiganda, barafu huikataa chumvi, nayo hubaki kwenye maji yasiyoganda ikiyazidishia uzito. Hayo ndiyo mazito kuliko yote. Huteremka kwenye miteremko ya bara na kutandaa juu ya sakafu ya bahari. Ukijumlisha kaskazini na kusini, makadirio hufika mita za ujazo milioni 25 hadi 30 kila sekunde. Mto Kongo humwaga kama 41,000. Ni Kongo mia sita au mia saba zinazoporomoka usiku na mchana bila kishindo.

Basi kiasi hichohicho hakina budi kupanda mahali fulani, kwa kani fulani, na hapo ndipo pana kazi. Maji mazito hayapandi kwa hiari yake. Ama mtu ayavute, ama mtu ayapunguzie uzito huko huko chini.

Mswidi Johan Sandström alilionyesha hilo kwa tanki mwaka 1908. Aliweka ndani ya maji chanzo cha joto na chanzo cha baridi, akawa anavihamisha. Joto likiwa chini na baridi juu, maji yalizunguka kwa nguvu. Alipovigeuza, joto likawa juu na baridi chini, maji yalijipanga kwa matabaka, mepesi juu ya mazito, yakatulia. Anayepika mkate wa kumimina anajua kwamba makaa ya juu ya kifuniko hukausha uso tu, na kinachochemka ni kilicho juu ya moto. Sasa itazame bahari. Inapashwa joto juu, na jua. Inapozwa juu, na hewa. Sakafu yake hutoa joto la ardhini, lakini ni kama sehemu moja ya kumi ya wati kwa mita ya mraba, ambapo jua la tropiki hutoa mamia. Joto hilo la chini lina mchango wake kwa maji ya mwishomwisho, ila haliwezi kuubeba mzigo wote. Kwa hesabu ya Sandström bahari ilipaswa kuwa ziwa kubwa la baridi lililofunikwa na ngozi nyembamba ya maji ya moto.

Alipingwa. Mwaka 1925 Harold Jeffreys, mwanafizikia wa Cambridge, alisema kwamba joto halibaki pale linapoingilia. Likichanganywa na maji ya chini hushuka, na likishuka vya kutosha mzunguko unawezekana. Ni kweli. Lakini pingamizi hilo lilihamisha swali tu, kwani sasa ilibidi kuuliza ni nani anayechanganya. Kuyachanganya maji mepesi ya juu na mazito ya chini ni kuyanyanyua mazito, na kunyanyua kunataka nishati. Molekuli zikiachiwa zenyewe hupenyeza joto polepole mno. Ile kazi ilihitaji kitu chenye nguvu karibu mara elfu.

Mara elfu hiyo ilipatikana kwa hesabu mwaka 1966. Walter Munk, wa taasisi ya Scripps huko California, alikuwa ameshajipatia sifa wakati wa Vita vya Pili kwa kutabiri mawimbi ya fukwe ambako majeshi yangeshuka. Makala yake ya mwaka huo aliipa jina la mzaha linalokumbusha kitabu cha mapishi, mapishi ya vilindini. Alichukua vipimo vya Pasifiki, kati ya kina cha kilomita moja na nne, akauliza swali jepesi: ili joto libaki kama lilivyo, mwaka nenda mwaka rudi, lazima iwe nini? Maji baridi yanapanda polepole yakijaribu kukipoza kila kina. Joto linachanganywa kutoka juu likijaribu kukipasha. Mstari wa joto unaoonekana kwenye grafu ni mahali ambapo wawili hao wametoshana nguvu. Kutokana na mpindo wa mstari huo, na kaboni ya mnururisho iliyo ndani ya maji ambayo hupungua kadiri yanavyozeeka, Munk alipata kasi ya kupanda: sentimita moja na kidogo kwa siku.

Inafaa kukaa na namba hiyo. Sentimita moja na kidogo kwa siku ni mita nne na ushei kwa mwaka. Tone lililoko kilomita nne chini, kwa mwendo huo, lingefika juu baada ya miaka kama 900. Hakuna chombo kinachoweza kupima mwendo huo moja kwa moja. Mawimbi ya ndani ya bahari huyapandisha na kuyashusha maji yaleyale makumi ya mita kwa siku moja. Sentimita ya Munk ni masalio ya hesabu, kile kinachobaki baada ya mipando na mishuko yote kufutana. Haikuonwa na mtu. Ilidaiwa, kwa sababu bila hiyo mambo mengine yasingekubaliana. Na pamoja na kasi ile ilikuja namba ya pili, ya nguvu ya kuchanganya, ambayo Munk aliikiri waziwazi kuwa ni hitaji la hesabu na si maelezo.

Namba hiyo ya pili ndiyo iliyoingia kwenye modeli.

Modeli ya bahari ni bahari iliyokatwakatwa visanduku. Kila kisanduku kina joto lake, chumvi yake na mwendo wake. Juu kunaingizwa upepo, mvua, jua na barafu. Kompyuta inapiga hesabu za mwendo wa maji kwenye dunia inayozunguka, hatua moja ya muda, kisha nyingine. Kirk Bryan alizianza miaka ya 1960, na mwaka 1969 yeye na Syukuro Manabe wakaziunganisha hewa na bahari katika modeli moja, kazi iliyohesabiwa baadaye katika Tuzo ya Nobel ya fizikia aliyoipata Manabe mwaka 2021. Kisanduku cha kawaida katika modeli za tabianchi kina upande wa kilomita 100 hivi. Misukosuko inayochanganya maji hutokea ndani ya sentimita na mita. Ngazi kati ya hivyo viwili ni ndefu mno kwa kompyuta yoyote, kwa hiyo aliyeunda modeli huandika namba: hapa maji yanachanganyika kwa kiasi hiki. Modeli haijui kwa nini. Inatii.

Mwaka 1987 Frank Bryan, si yule Bryan wa kwanza, alionyesha jinsi utii huo ulivyo mkubwa. Aliibadilisha namba ya kuchanganya, na mzunguko wa modeli ukabadilika nayo. Ukiikuza, maji mengi zaidi yanazama kaskazini, ingawa hukugusa chochote huko kaskazini. Kani iliyokuwa ikidhaniwa kuwa ndiyo mota, ule uzito wa maji yaliyopoa, ilikuwa inangoja ruhusa kutoka kwa kitu kinachotokea maelfu ya kilomita mbali, gizani, ndani ya namba moja.

Kuna balaa jingine ambalo waundaji modeli wanalijua vizuri na wasomaji wa matokeo yao mara chache huambiwa. Kisanduku hakiwezi kuwa na joto la namna mbili. Maji baridi yakiingia kwenye kisanduku chenye maji ya vuguvugu, hesabu huyafanya wastani papo hapo. Hakuna wimbi lililopiga, hakuna mwamba uliokwaruzwa. Hesabu yenyewe ndiyo iliyokoroga. Katika baadhi ya modeli ukorogaji huo wa bandia huweza kufikia, hata kuzidi, ule wa kweli uliopimwa katika bahari wazi. Na kilindi hakijibu haraka. Anayetaka kuona kosa lake hulazimika kuiendesha modeli kwa miaka elfu kadhaa ya bahari, jambo linalokula muda wa kompyuta ambao aghalabu hana. Modeli huweza basi kutoa mkondo unaolingana na vipimo, ramani ikapendeza, huku maji yakiinuliwa na kitu ambacho hakipo duniani.

Je, jibu sahihi lililofikiwa kwa sababu isiyo sahihi lina thamani gani? Miye nimebadilika mawazo kuhusu hilo, na aliyenibadilisha ni Henry Stommel wa Woods Hole, mtu aliyeiongoza fani hii kwa miongo kadhaa bila kuwahi kusomea shahada ya uzamivu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye na Arnold Arons walijiuliza: tuseme maji yanazama sehemu mbili tatu tu, na yanapanda kila mahali kwa usawa; dunia inayozunguka itayalazimisha yaende vipi? Jibu lilishangaza. Katikati ya bahari maji ya chini yangejivuta kuelekea kwenye ncha, yaani kurudi kule yalikozama, na ili hesabu ikae sawa ilibidi pawe na mikondo mikali ya kina kirefu ikikumbatia upande wa magharibi wa kila bahari. Mmoja wao ulipaswa kupita chini ya mkondo mashuhuri wa Gulf Stream, ukielekea kusini wakati ule wa juu unakwenda kaskazini.

Mwingereza John Swallow alikuwa ametengeneza maboya ya mabomba ya alumini, yaliyopimwa uzito kwa uangalifu ili yazame hadi kina fulani na kuelea hapohapo, yakitoa mlio ambao meli iliweza kuufuata. Mwaka 1957, mbele ya South Carolina, yeye na Valentine Worthington waliyashusha. Yalikwenda kusini. Miaka michache baadaye Swallow aliyashusha tena magharibi mwa Bermuda, katikati ya bahari, akitarajia ule mwendo wa kujivuta uliotabiriwa. Maboya yalitawanyika kila upande kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia, yakibebwa na mizunguko mikubwa ya maji ambayo nadharia haikuwa na habari nayo. Stommel alikuwa amepatia pembeni na kukosea katikati. Na lile alilolichukua kuwa msingi, kwamba maji yanapanda kila mahali kwa usawa, leo tunajua si kweli kabisa. Bado mikondo ya magharibi ipo, kila bahari ilipotafutwa.

Katika Bahari ya Hindi iko upande wetu. Bruce Warren, naye wa Woods Hole, mwaka 1974 alichapisha ushahidi wa mkondo wa kina kirefu ukipanda kaskazini kando ya mashariki ya Madagaska. Unaendelea ndani ya Bonde la Mascarene, unapita kwenye mlango mwembamba wa chini ya bahari karibu na visiwa vya Amirante vya Shelisheli, na kumwagikia kwenye Bonde la Somalia, lile shimo la kilomita tano lililoko mbele ya Kenya na Somalia. Vipimo vya miaka ya 1990 viliyakadiria maji ya chini kabisa yanayopita mlango huo kuwa zaidi kidogo ya mita za ujazo milioni moja kwa sekunde. Mito yote ya dunia ikijumlishwa inamwaga baharini kiasi cha namna hiyo. Ni maji yaliyogusana na hewa mara ya mwisho kando ya Antaktika, na yanafika hapo yakiwa na joto la digrii moja hivi.

Yakishaingia hayana pa kutokea. Kaskazini pamezibwa na bara la Asia. Hakuna Greenland huku. Maji ya chumvi kali kutoka Bahari ya Shamu na Ghuba huzama, lakini hutuama kwenye vina vya kati. Basi kinachoingia chini katika Bonde la Somalia kinatoka kwa njia moja tu, kwa kupata joto na kupanda. (Wenye kukumbuka maji baridi yanayotokeza pwani ya Somalia wakati wa kusi wasiyachanganye na haya. Yale huvutwa na upepo kutoka mita mia mbili tatu.) Bonde hilo linakuwa kama tanki la Sandström lenye mita ya kupimia: unajua kiasi kinachoingia, unajua baridi yake, na kwa kutoa na kujumlisha unapata nguvu ya kuchanganya inayotakiwa humo ndani. Mabonde ya namna hiyo, popote yalipopimwa duniani, hudai uchanganyaji mkubwa, wa kadiri ya Munk au zaidi.

Tatizo ni kwamba walipokwenda kuutafuta baharini hawakuukuta. Mwaka 1992 James Ledwell na wenzake walimwaga katika Atlantiki ya mashariki, kwenye kina cha mita 300 hivi, kilo 139 za gesi ya salfa heksafloridi, ambayo hata ikizimuliwa vipi bado hupimika, wakarudi baada ya miezi kadhaa kuona imepanda na kushuka kiasi gani. Iliyumba na kuenea mamia ya kilomita kwa upande. Kwa wima, karibu haikwenda popote: sehemu moja ya kumi ya namba ya Munk. Kwa muda bahari ilikuwa na deni la sehemu tisa.

Deni lilianza kulipwa kwenye Bonde la Brazili, mnamo 1996 na 1997. Juu ya sakafu laini ya upande wa magharibi maji yalikuwa shwari. Yalipokaribia miteremko mikali ya safu ya milima ya katikati ya Atlantiki, yalichafuka, na ghasia ilizidi kadiri chombo cha kupimia kilivyoikaribia sakafu. Kinachotikisa huko ni kujaa na kupwa. Sisi wa pwani tunalijua jambo hilo kwa ufuo wake: bamvua likitoka, akina mama wa Paje na Jambiani wanateremka kwenye mashamba ya mwani umbali ambao jana ulikuwa bahari, na Unguja maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Lakini mwezi hauvuti ufuo peke yake. Unayavuta maji yote, toka juu mpaka sakafuni, na yale ya kilomita nne chini nayo huenda na kurudi mara mbili kwa siku yakipita juu ya vilima. Kila yakikipanda kilima hunyanyua tabaka zito, huliachia, na mawimbi yanaondoka ndani kwa ndani, marefu kwenda juu kuliko minara, bila kuonekana usoni pa bahari. Baadhi ya makubwa yanayojulikana huzaliwa kwenye ukingo wa Mascarene, mashariki ya Madagaska. Yakivunjika, ndipo maji yanapochanganyika.

Mwaka 1998 Munk, akiwa na miaka 80, alirudi na Carl Wunsch kufanya hesabu ya nishati. Kuuinua mzigo wote kunataka takriban terawati mbili, pungufu ya umeme unaozalishwa duniani leo. Karibu nusu, walisema, hutoka mwezini na nyingine kwenye upepo. Hesabu ya mwezi ina uthibitisho wa ajabu kidogo. Vioo vilivyoachwa huko na Apollo 11 mwaka 1969, na vingine baada yake, hurudisha miali ya leza, na kwa hiyo tunajua mwezi unatukimbia sentimita 3.8 kila mwaka. Kukimbia huko ni nishati iliyopotea kwa msuguano wa maji, zaidi ya terawati tatu kwa jumla. Setilaiti iliyopima uso wa bahari ilionyesha kwamba terawati moja hivi kati ya hizo inapotelea kwenye vilindi na si kwenye bahari za kina kifupi. Wunsch alikwenda mbali, akasema kuliita jambo hili mzunguko wa joto na chumvi ni kupotosha, kwa kuwa joto na chumvi havina nguvu ya kuuendesha. Nadhani alizidisha. Bila maji kupoa hakuna cha kuinua. Lakini alikuwa na haki ya kukasirishwa na ule mkanda usio na mota.

Wakati huohuo kundi jingine lilisema mwezi unapewa sifa kuliko stahili yake. J. R. Toggweiler na Bonita Samuels, mwaka 1995, waliitazama bahari inayoizunguka Antaktika. Kati ya Amerika ya Kusini na Antaktika, kwenye Mlango wa Drake, hakuna nchi kavu ya kuuzuia upepo wa magharibi, nao unayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini mwaka mzima. Ya kuziba pengo hayawezi kuja kwa juu, kwa sababu hakuna ukuta wa bara wa kuyaegemeza. Lazima yatoke chini, kina cha kilomita mbili na zaidi. Na kwa kuwa matabaka ya bahari huko yameinama, maji hupanda kwa kuteleza kwenye tabaka lake mwenyewe, pasipo kuchanganywa sana. Leo wengi wanakubali kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyozama Atlantiki ya kaskazini hurudi juu kwa mlango huo, kwa kuvutwa na upepo, na kwamba maji yale mazito kabisa ya Antaktika ndiyo yanayohitaji kuchanganywa. Hayo ndiyo yaliyoko chini ya Bonde la Somalia.

Halafu mwaka 2016 Raffaele Ferrari na wenzake waliligeuza jambo juu chini. Ikiwa ghasia huzidi karibu na sakafu, walisema, basi maji ya katikati hayapandi hata kidogo. Yanashuka. Kinachopanda ni tabaka jembamba linalogusa miteremko, nalo hupanda kwa nguvu zaidi ili kufidia mashuko hayo. Kama ni kweli, ile sentimita moja ya Munk haipo mahali popote. Ni wastani wa mashuko mapana na mapando membamba. Wapimaji walikwenda kuitafuta mwaka 2021 kwenye korongo la chini ya bahari katika Rockall Trough, magharibi ya Ayalandi. Walimwaga rangi karibu na sakafu, wakaifuata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: rangi ilipanda mteremko kwa mwendo wa kama mita 100 kwa siku.

Korongo la namna hiyo haliingii ndani ya kisanduku cha kilomita 100. Linapotea humo na makorongo mengine kadhaa. Aliyeunda modeli anarudi kwenye namba, ingawa namba zenyewe zimebadilika. Siku hizi hazibuniwi tu. Hukokotolewa kutoka ramani za milima ya sakafuni na nguvu ya maji kujaa na kupwa juu ya kila mlima, mahali kwa mahali. Huo kwangu ndio ustaarabu wa kazi hii, kwamba pengo la maarifa limepewa anwani. Stommel mwaka 1961 alifanya modeli ya visanduku viwili tu, kimoja cha moto na kimoja cha baridi, akaonyesha kwamba kani zilezile zinaweza kuushikilia mzunguko wenye nguvu au mwingine dhaifu. Kila alichokisia kilionekana, kwa kuwa hapakuwa na pa kukifichia. Modeli yenye visanduku milioni ina pa kufichia pengi.

Na namba hata ikiwa sahihi leo haikuwa hivyo siku zote. Miaka 20,000 iliyopita barafu ya mabara ilikuwa imefyonza maji mengi kiasi kwamba usawa wa bahari ulikuwa chini kwa mita 120 hivi. Bahari nyingi za kina kifupi, ambamo leo mwezi unapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, zilikuwa nchi kavu. Nguvu hizo zilihamia kwenye vilindi, na hesabu zinaonyesha kwamba katika Atlantiki kujaa na kupwa kulikuwa kukubwa kuliko kwa sasa. Kwa hiyo baadhi ya wanaouchunguza mzunguko wa zama za barafu huanza kwa kukokotoa maji kujaa na kupwa ya pwani za wakati ule, wakapata nishati inayofika chini, ndipo wakaiingiza kwenye modeli ya bahari.